Pale Shefu Alipopiga Jembe

Nianze na ramani, kwa sababu watu wa mjini wakisikia neno teritware, yaani wilaya ya mashambani, wanafikiria pori na nyani. Teritware yetu unaifikia kwa moto, pikipiki ya kukodi, kabla hujamaliza kugombana na dereva. Unatoka Goma, unaelekea kaskazini, unapita Munigi, na hapo tayari uko kijijini ingawa huoni tofauti yoyote: nyumba za mbao zilezile, mawe meusi yaleyale, vumbi lilelile linaloingia mpaka kwenye meno. Mbele yako mlima wa moto, nyuma yako ziwa, na katikati ni jiwe. Mto hakuna. Mvua inanyesha tunaiona, jiwe linaimeza, na wanawake wanabaki na mabidon, madumu ya plastiki, mgongoni wakitafuta maji kama vile haikunyesha. Ukiendelea na barabara hiyo utafika kwenye viazi vya Kibumba, halafu Rumangabo kwenye ofisi za mbuga, lakini mambo yangu mimi hayafiki huko. Mambo yangu yako kwenye mteremko mmoja juu kidogo ya Munigi, ambao mtu anaweza kuushuka wote akiwa bado anatafuna muwa uleule.

Kwenye mteremko huo kuna serikali nyingi kuliko udongo. Juu kabisa yuko administrateri wa teritware na bendera yake. Chini yake yuko mwami, mtawala wa jadi, chini ya mwami yuko shefu wa grupema, yaani wa vijiji kadhaa, na chini ya wote yuko shefu wa lokalite, ambaye himaya yake ni kijiji kimoja tu. Ukitaka kujua nani anatawala kweli, anzia chini. Administrateri sikuwahi kumwona, niliona kioo cha gari lake. Shefu wa lokalite, huyo anajua kwenu leo mmepika nini. Ndiye anayepiga filimbi ya salongo Jumamosi asubuhi ili mtoke wote kusafisha barabara. Ndiye anayesikiliza ugomvi wa mbuzi na ugomvi wa ndoa. Mgeni akifika anampelekea yeye pombe ya ndizi, ile tunayoiita kasiksi, kabla ya kuonyeshwa pa kujenga. Na nguvu zake zote zinatokana na watu. Akiwa na watu wengi ana soko, ana ugomvi wa kutosha wa kuamua, ana kiti cha mbele kwenye mikutano ya grupema. Watu wakipungua, lokalite yake inaunganishwa na ya jirani, naye anarudi kuwa mwanaume wa kawaida mwenye kofia.

Shefu ninayemzungumzia, jina lake sitaliandika. Si kwa kumheshimu. Alichukua vya kutosha kwetu, sitamwongezea na nafasi kwenye karatasi yangu. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya taratibu, na alikuwa na tabia ya kumwita kila mwanamke "mama yangu" huku macho yake yanapima ua wako toka pembe hadi pembe. Nilimchukia tangu nikiwa msichana wa shule na mpaka leo ninamchukia. Kama unasoma hapa ukingoja nifike mahali nitakapomsamehe, funga tu, nenda ukapike.

Kwetu baba akifa, kilio hakiishi mpaka mipaka yake itembelewe. Siku ya mwisho ya matanga, kabla mtu yeyote hajanywa, mjane anatoa jembe la marehemu. Shefu analipokea, na majirani wote wanamfuata kulizunguka shamba. Kwenye kila pembe anapiga jembe ardhini na kusema kwa sauti kwamba hapa ndipo mwisho, na upande ule ni wa nani. Majirani wanajibu kwamba wamesikia. Kisha jembe linarudi mkononi mwa mjane, na kasiksi inagawiwa. Sisi tunaolima udongo wa kuokoteza kati ya mawe, ambao volkano ikishuka inatufutia kila alama, hatuna karatasi inayoshinda neno lililosemwa juu ya jembe la marehemu. Marundo ya mawe yanaweza kuhamishwa. Miyenzi, ile miti ya utomvu mweupe tunayopanda mipakani, inaweza kung'olewa. Lakini neno hilo likishasemwa na pombe ikishanywewa, hata aliyelisema hawezi kulirudisha mdomoni. Shefu anayegeuza neno la jembe hakai tena kwenye kiti. Watu hawampelekei hata ugomvi wa kuku.

Shamba la baba yangu lilianzia kwenye nyumba yetu, juu, mahali palipokuwa jiwe tupu, likashuka mpaka kwenye ufa. Ufa huo ulipasuliwa na volkano zamani kabla baba hajazaliwa, na kila mtu alijua maana yake: upande wa juu ni lokalite yetu na teritware, upande wa chini ni mji wa Goma. Udongo mzuri wote ulikuwa nusu ya chini. Huko tulilima maharagwe, huko migomba ilisimama, na huko, chini ya migomba, tulimzika baba. Mama alichagua mahali mwenyewe, na alituambia wazi kwamba pembeni ya hapo pabaki pa kwake.

Siku ya kumaliza kilio shefu alikuja amevaa koti. Alipokea jembe kwa mikono miwili kama padri anavyopokea kikombe. Pembe za juu alizipiga vizuri, akasema vizuri, tukaitikia. Halafu tukaanza kushuka. Katikati ya shamba kulikuwa na jiwe kubwa jeusi ambalo baba alikuwa akilikalia kupumzika. Kaburi lilikuwa chini yake kidogo, udongo wake bado mbichi. Shefu alifika kwenye jiwe, akasimama, akapiga jembe. Akasema hapa ndipo mwisho wa lokalite yake. Chini ya hapa ni mji, na mambo ya mji yeye hayajui.

Nilidhani amekosea. Mama pia, kwa sababu alisema polepole kwamba shamba linafika kwenye ufa, na kwamba bwana yake alilima mpaka huko tangu walipooana. Shefu akamgeukia na ile sauti yake ya taratibu. Nakumbuka kila neno.

"Mama yangu, maharagi haiko na mupaka. Bwana yako alikuwa analima kwa batu ya mji, siye tulikuwa tunamuvumilia tu. Apa njo mwisho."

Majirani walikuwa wamesimama nyuma yake. Walikuwa watu waliokula kwetu, walioazima jembe hilohilo. Mama alizaliwa Masisi, hapa hakuwa na kaka wala mjomba wa kukunja mikono ya shati. Wakatazama chini, wakatazama mabidon ya kasiksi yaliyokuwa yanangoja kwenye kivuli cha nyumba, wakasema wamesikia. Shefu akamrudishia mama jembe. Kisha wakanywa, na mama ndiye aliyewamiminia, kwa sababu ndiyo heshima.

Maharagwe hayajakomaa, alikuja mfanyabiashara kutoka mjini na karatasi ya mji. Aliyemleta na kumwonyesha kiwanja, huku akihesabu hatua kwa miguu yake mirefu, alikuwa shemeji ya shefu. Hapo ndipo tulipoelewa. Mpaka ulikuwa haujakosewa hata kidogo, ulikuwa umepangwa mezani. Mama alienda kwa shefu kulalamika, akaambiwa kwa upole aende mjini, kwa kuwa upande ule si wake. Mjini akaambiwa arudi kwa shefu. Alitembea barabara hiyo mpaka sandali zikaisha.

Tulibaki na nusu ya juu, yaani nyumba na jiwe, na viazi vitamu visivyozidi kidole. Halafu volkano ikashuka tena. Ulimi wa moto ukapita juu ya nyumba yetu, ukasimama kabla ya kufika kwenye lile jiwe la baba, ukapoa hapo. Tulikuwa tumekimbia na magodoro, na mama alikuwa amebeba jembe. Tukaenda Ndosho, pembeni mwa mji, kama kila mtu ambaye hana pa kwenda.

Ndosho nilijifunza kushona. Nina mashine mbili sasa, na kibanda cha mbao kando ya barabara ambapo moto zinapita zikitupigia honi na tope. Mama aliuza makala, mkaa wa kupikia, kwenye ndoo mlangoni. Yeye hakuzungumza habari za shefu. Mimi nilizungumza kwa wawili. Kila kitambaa nilichokata nilikuwa namkata yeye. Wateja wangu walizijua habari zake kuliko za ndugu zao, na mmoja, mama wa Butembo anayeuza vitenge, alinizoea mpaka akawa ananiuliza akiingia kama shefu wangu bado yuko hai. Nikawa namjibu yuko, na anakula vizuri.

Nilikuwa na ndoto moja. Siku moja, mbele ya watu wenye madaraka, nitasimama niseme kwamba mpaka ulikuwa kwenye ufa na huyu mtu alidanganya juu ya jembe la maiti. Niliyapanga maneno hayo nikiwa nashona. Niliyapanga kwa Kiswahili, kwa Kinyarwanda, hata kwa Kifaransa changu cha kuungaunga. Mama yeye alikuwa na haja nyingine, ndogo na kubwa kuliko yangu: kuzikwa pembeni ya baba. Mfanyabiashara alikuwa amejenga sehemu nyingine zote, lakini kipande cha kaburi na migomba michache alikiacha. Nadhani aliogopa. Mama aliposali jioni nilimsikia akipataja mahali pale.

Miaka ikaenda, na mteremko ukajaa watu. Walitoka Rutshuru na Masisi wakikimbia vita na wakaona hapo panafaa. Wafanyabiashara wa Butembo wakafungua maduka ya misumari na mabati. Likaja soko, likaja robine, yaani bomba la maji, kanisa, kituo cha moto za abiria. Kati ya jiwe na ufa, pale tulipokuwa tunachuma maharagwe, mtu alikuwa hawezi kunyoosha mkono bila kugusa ukuta wa mwenzake. Mji ukaleta watu wake kulipisha ushuru. Teritware nayo ikaleta wa kwake. Muuza nyanya alilipa asubuhi kwa huyu na mchana kwa yule, na akilalamika wote wawili walimwonyesha muhuri.

Wakati huohuo lokalite ya shefu upande wa juu ilikuwa imekufa. Lava ilikuwa imelala juu ya nusu yake, na waliobaki walikuwa wazee na mbuzi. Alikuwa na kiti, muhuri na filimbi, lakini salongo yake ilikuwa na watu wa kujaza benchi moja. Chini ya jiwe, hatua chache tu, kulikuwa na umati. Basi shefu akaanza kusema ukweli. Akaanza kuwaambia watu kwamba lokalite inafika kwenye ufa, kwamba tangu enzi za mababu mpaka ni ufa, kwamba hata mtoto anajua. Habari hizo ziliponifikia Ndosho niliacha mashine katikati ya mshono. Ukweli wangu, niliokaa nao kooni miaka yote hiyo, yule mwanaume alikuwa ameuokota na kuuweka mfukoni mwake.

Mkoa ukaunda komisyo ya kuamua mteremko ni wa nani, wa mji au wa teritware. Kilikuwa kipindi kabla ya vita kuingia mjini. Komisyo iliongozwa na mama mmoja wa ofisi, mwenye viatu vya mpira na uso wa mtu asiyekunywa soda ya bure. Walikuwa na karatasi ya zamani ya Wabelgiji inayosema kwamba mpaka unafuata ukingo wa mawe meusi. Ukingo upi? Tangu karatasi hiyo iandikwe volkano ilikuwa imemwaga mawe meusi mapya juu ya ya zamani, mara na mara. Wakatembea siku nzima wakitafuta ukingo na wakarudi wamekwaruzika magoti. Ndipo wazee wa grupema wakawaambia kwamba kwa desturi mpaka ni pale neno la mwisho la jembe liliposemwa upande ule. Wakauliza jembe lilikuwa la nani na nani walilifuata. Waliotembea siku hiyo wengi walikuwa wamekufa au wametawanyika, na wachache waliobaki walikuwa wanakula mkononi mwa shefu. Lakini mwenye jembe ni mjane. Mwenye jembe alikuwa Ndosho, anauza makala.

Shefu alikuja mwenyewe. Nilimwona anashuka kwenye moto mbele ya kibanda changu, amezeeka, koti lilelile, na jogoo mwekundu kwapani. Nilisimama nimfukuze. Mama alinitazama mara moja tu, nikakaa. Alimpa kiti.

Alizungumza muda mrefu. Alisema sisi ni watu wa mlima mmoja. Alisema mji utatumeza wote na majina yetu yatasahauliwa, na kwamba sasa si wakati wa kukumbuka mambo madogo. Kisha akafika kwenye lile alilolijia. Mama aende mbele ya komisyo aseme ukweli mtupu, kwamba shamba la bwana yake lilifika kwenye ufa na ufa ndio mwisho wa lokalite. Mteremko ukirudi kwake, yeye kama shefu atapiga jembe upya na kumrudishia mama kile kipande cha migomba. Ameshasema na mfanyabiashara, wameelewana. Mama atajenga hata chumba kimoja. Na siku Mungu atakapomwita, alisema huku ameinamisha kichwa, atalala pembeni ya bwana yake.

Alijua, mshenzi yule. Sijui nani alimwambia, lakini alijua mama anataka nini, na alikuja nacho kimefungwa vizuri pamoja na jogoo.

Mama alimwambia atafikiri. Alipoondoka nilimwaga yote. Nilimwambia mama kwamba mtu huyu alipiga jembe juu ya kichwa cha baba, na leo anatutumia kumjengea kiti. Nilimwambia akienda kumsaidia mimi sitamfuata, ajitafutie mtu wa kumshika mkono. Nilikuwa napiga kelele mpaka majirani wakaja mlangoni. Na katikati ya kelele zangu nikaona shida ilivyo. Maneno niliyokuwa nimeyapanga miaka yote, kwamba mpaka ni ufa na shefu alidanganya, ndiyo hayohayo aliyokuwa anayaomba. Nikisema ukweli ninamvika taji. Nikinyamaza mama anapoteza kaburi. Nilitaka kulia kwa hasira, na nililia.

Mama alingoja nimalize. Aliniuliza tu kama kitenge chake cha bluu kimeshashonwa pindo, kwa sababu atakihitaji. Usiku ule na nyingine zilizofuata nilimsikia akisali, na mahali pale bado alipataja. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa, kwamba amekubali, na sikuweza kumlaumu. Mwanamke aliyenyang'anywa kila kitu akiambiwa achukue kipande kimoja, utamwambia nini? Nilipiga pindo la kitenge. Nilimfuata pia, pamoja na maneno yangu yote.

Walikuwa wamefunga hema karibu na jiwe la baba. Shefu alikuwa ameleta viti vya plastiki, soda, mabidon ya kasiksi yaliyofunikwa na majani ya mgomba, na watu wake wa kupiga makofi. Mji ulikuwa umeleta vijana wenye kofia za rangi moja. Watu wa sokoni walijaa kila upande, kwa kuwa walikuwa wanangoja kujua watamlipa nani. Mama alikuja na jembe limefungwa kwenye kitambaa. Mpini ulikuwa umeliwa na mchwa, lakini chuma kilikuwa kilekile. Shefu alipoliona jembe alitabasamu. Akatutafutia viti vya mbele, akapangusa cha mama kwa mkono wake.

Mama wa komisyo alimwomba aonyeshe na aseme alichokiona siku ya mwisho wa kilio cha bwana yake. Mama akasimama. Akatembea polepole mpaka kwenye jiwe, mimi nikiwa nimemshika kiwiko, akafungua kitambaa, akaweka chuma cha jembe juu ya udongo pale chini ya jiwe. Nilikuwa nangoja ateremke mpaka kwenye ufa. Shefu naye alikuwa anangoja, hata alikuwa ameanza kunyoosha mkono kuonyesha njia ya kushukia.

"Miye niko mwanamuke," mama alisema, "mambo ya mipaka siijue. Ninajua tu kwenye shefu alipiga hii jembe. Alipiga apa. Akasema: apa njo mwisho wa lokalite yangu, chini iko mji. Batu bakasema bamesikia, na bakakunywa."

Hakuna aliyepiga makofi. Shefu alisema kwamba mama amezeeka na amechanganya, aukumbuke ufa. Mama hakumgeukia. Aliendelea kuangalia uso wa yule mama wa ofisi, akarudia kwamba ufa yeye haujui, anajua jembe. Na ndipo mama wa komisyo akamuuliza shefu mwenyewe, mbele ya wazee wote wa grupema waliokuwa wamekaa na fimbo zao magotini, kama kweli siku hiyo alisema vile au hakusema.

Hapo ndipo nilipoelewa. Akisema hakusema, wako wazee wawili watatu waliokunywa siku ile, na mbele ya jembe lenyewe hawatajilaani kwa ajili yake. Akisema alisema lakini alidanganya, amejitangaza shefu aliyegeuza neno la jembe la marehemu, na kiti kimekwisha. Akisema alisema na ilikuwa kweli, mteremko wote na soko lake na robine lake na umati wake ni wa mji. Nilimwona anazunguka ndani ya kichwa chake akitafuta mlango. Alitazama wale wazee. Walitazama chini, kama siku ile walivyotazama chini mama alipozungumza, na sitawahi kusahau utamu wake.

"Nilisema," shefu akajibu.

Mama wa komisyo akaandika. Akauliza wazee kama walisikia. Wakasema wamesikia. Kwa kuwa mabidon yalikuwa tayari na jua lilikuwa kali, watu wakanywa kasiksi ya shefu, na safari hii yeye ndiye aliyewamiminia.

Mji ulichukua mteremko. Haikupita muda mrefu lokalite ya juu, ile ya wazee na mbuzi, ikaunganishwa na ya jirani, na muhuri ukaenda kwa mwingine, kijana ambaye shefu alikuwa amewahi kumtoza baba yake faini. Leo wenye bunduki wamebadilika na bendera ofisini zimebadilika, maafisa wengine wamekuja na kupanga mashefu wengine, lakini yeye hakuna aliyemkumbuka. Jumamosi moja nilipanda moto makusudi kwenda kumwona kwenye salongo. Alikuwa anafagia barabara na ufagio wa majani, na kijana yule akampigia filimbi kwamba ameruka sehemu. Niliteremka, nikanunua ndizi za kuchoma, nikazila taratibu nikiwa nimesimama ng'ambo ya barabara. Sikumwita. Sikuhitaji anione.

Furaha hiyo ilikuwa na bei, na sitajifanya haikuwa nayo. Mji ulipopima viwanja, mfanyabiashara aliacha kuogopa. Alikata ile migomba. Pale alipo baba sasa ni jiko la mpangaji, lenye sakafu ya saruji. Mama alienda kuona mara moja, akarudi, akakaa na ndoo zake za makala, akauza kama kawaida. Kwenye sala zake mahali pale hapatajwi tena, na mimi ndiye ninayepatafuta kwa masikio kila jioni.

Alikuja mara nyingine, shefu, miezi baadaye. Safari hii kwa miguu, bila jogoo na bila kofia. Nilikuwa napiga pindo la sketi ya shule na sikusimama. Alimsalimia mama, akakaa kwenye kiti bila kuambiwa, akapumua. Nilidhani amekuja kutukana, na nilikuwa tayari, mkasi uko mkononi. Hakutukana. Alisema amewaza sana na haelewi. Alimwambia mama kwamba alikuwa amempa kaburi mkononi, alikuwa na uhakika atalichukua, kila mtu angelichukua. Akauliza, na sauti yake ilikuwa bado ya taratibu:

"Sasa mama yangu, utazikwa wapi?"

Mama alikuwa anajaza makala kwenye ndoo ya mteja. Alimalizia kwanza, akapangusa mikono kwenye kitenge.

"Popote," alisema. "Shefu, vitu yote ulibeba. Uliniachia tu maneno yako. Njo nilikurudishia."

Shefu akaomba maji, nikampelekea, akanywa yote.